Kuendesha Kituo cha Chuo Kikuu cha Utafiti wa Ulemavu wa Akili na Ukuaji: Mwongozo kutoka Kibuye, Kisumu

Kituo cha chuo kikuu kinachotafiti ulemavu wa akili na ukuaji hubeba kazi tatu kwa pamoja: kutafuta maarifa mapya, kufunza wataalamu, na kuhudumia familia ambazo maarifa hayo hutoka kwao. Ulemavu unaohusika ni ule unaoanzia tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, ukagusa namna mtoto anavyojifunza, anavyozungumza, anavyotembea au anavyokaa na wenzake. Humo mna usonji, mtindio wa ubongo, hali ya Down, ulemavu wa akili ambao chanzo chake hakijulikani, na kifafa kinachoandamana na hali hizo. Vyuo vikuu hupenda kuiweka kazi ya huduma mwisho, kama ziada itakayofanywa fedha zikibaki. Huko ni kukosea mpango tangu mwanzo, kwa sababu mzazi asiyepata msaada wowote baada ya mwanawe kupimwa harudi mara ya pili, na bila mara ya pili hakuna utafiti wa ukuaji.

Vituo vya aina hii vilipata umbo lake Marekani. Mnamo Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alitia saini sheria iliyotoa fedha za kujenga vituo vya utafiti na huduma katika vyuo vikuu. Waisman Center ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, iliyofunguliwa 1973, ni tunda moja la sheria hiyo: maabara, kliniki na darasa la watoto wadogo viko katika jengo moja. Kenya ilipita njia nyingine. Hapa wazazi na walimu ndio waliotangulia, watafiti wakafuata. Wazazi waliunda Chama cha Kenya cha Watu wenye Ulemavu wa Akili mwaka 1971. Vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo walimu huviita EARC, vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ikaundwa 1986. Utafiti mkubwa wa kuhesabu na kupima watoto ulishika kasi baadaye, hasa Kilifi, pwani. Kituo kipya katika ukanda wa Ziwa kinakuta tayari wenye nyumba, na hatua yake ya kwanza ni kubisha hodi kwao: chama cha wazazi, ofisi ya EARC ya Kisumu, shule maalumu na madarasa maalumu yaliyomo ndani ya shule za kawaida.

Mahali pa kituo

Uchaguzi wa mahali ni uamuzi wa kitafiti. Chuo Kikuu cha Maseno, chenye idara ya elimu maalumu, kiko kilomita 25 hivi kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kiko mbali zaidi, Bondo. Kliniki ikiwekwa ndani ya kampasi kuu, watakaofika ni wenye gari na wenye nauli, na takwimu zitawahusu hao tu.

Kibuye inafaa kwa sababu njia zote hupita hapo. Soko liko kando ya barabara kuu iendayo Kakamega, kanisa kuu la Mtakatifu Teresa liko jirani, na mbele kidogo kabla ya Kondele iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka saba asiyetembea huhesabu mara anazopanda na kushuka gari. Kila matatu ya ziada ni nauli, macho ya abiria na utingo anayemharakisha. Kituo ambacho tuktuk moja inafika mpaka mlangoni, chenye chumba cha chini, njia isiyo na ngazi na choo ambacho kiti cha magurudumu kinaingia, kimeshavuka vizuizi vingi kabla ya daktari yeyote kuajiriwa.

Ratiba nayo hufuata soko. Kibuye hufurika zaidi Jumapili. Hiyo ndiyo siku ambayo muuza mitumba au omena hupata fedha za wiki nzima. Siku za kupima watoto ziwe katikati ya wiki, na kila familia ipewe saa yake badala ya kuitwa wote saa mbili asubuhi. Mtoto mwenye usonji aliyekaa saa tatu katika chumba chenye kelele hatapimwa. Kitakachopimwa ni uchovu wake. Wakati wa mvua za masika, barabara za uwanda wa Kano hufurika mara kwa mara, kwa hiyo miadi ya familia za Ahero na Nyando ipangwe kuanzia Juni au zifuatwe huko huko.

Kuchagua maswali ya utafiti

Kituo kisicho na maswali yake huishia kuwa tawi la kukusanya data za watu wengine. Ukanda wa Ziwa una maswali yanayoupasa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 19 ya watoto wa ukanda huu wana vimelea, kiwango cha juu kuliko kanda zote nchini. Malaria inayopanda kichwani huacha alama: katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa, na baada ya miaka miwili takriban robo yao walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili. Seli mundu, ambayo huweza kuleta kiharusi utotoni, ni jambo la kila siku katika wodi za Nyanza. Vilevile kuna watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na waliopata manjano kali wiki ya kwanza bila kutibiwa mapema.

Vyanzo hivi vingi vinaweza kuzuiwa, na hapo ndipo utafiti wa Kisumu unapoweza kuokoa watoto wengi kuliko darubini ya jeni peke yake. Utafiti wa jeni una nafasi yake, na mradi wa NeuroDev unaofanyika Kilifi na Cape Town umeonyesha kwamba watoto wa Afrika hawapaswi kuachwa nje ya ramani hiyo. Lakini kituo kichanga chenye bajeti ndogo kitafaidi zaidi kikifuatilia watoto waliotoka wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya rufaa, mwaka hadi mwaka, kikitazama nani amechelewa kukaa, kusema au kujifunza, na kwa nini.

Rasilimali moja iliyopo isisahaulike. Kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kilichoko Kisian kimekuwa kikiandikisha kaya za Siaya tangu 2001 katika mfumo wa kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji, na kazi ya aina hiyo imefika pia mtaa wa Manyatta, jirani ya Kibuye. Kuingiza swali la ulemavu ndani ya daftari lililopo, kwa makubaliano ya maandishi, ni rahisi mara nyingi kuliko kuanza kuhesabu nyumba upya.

Vipimo

Hapa ndipo vituo vingi huteleza. Kipimo cha akili kilichotungwa Chicago au London humuuliza mtoto wa Nyalenda mambo ambayo hajawahi kuyaona, kisha humhukumu kwa kutoyajua. Kazi ya kurekebisha vipimo imeshafanywa Afrika, na kituo kinaanza pale wengine walipofika. Kilifi kuna kipimo cha ukuaji kilichotungwa na Amina Abubakar na wenzake kwa ajili ya watoto wadogo wa huko. Malawi kuna kingine, MDAT, kilichochapishwa 2010 na kutumiwa katika nchi nyingi. Vyote viwili hutumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu.

Kwa uchunguzi wa awali wa nyumba kwa nyumba, njia iliyozoeleka ni Maswali Kumi, dodoso fupi linaloulizwa kwa mlezi wa mtoto wa miaka 2 hadi 9: je, mtoto alichelewa kukaa au kutembea, husikia vizuri, huelewa anapoagizwa, hupata degedege, hujifunza kama wenzake? Kilifi walilitumia kwa watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, kisha wakawapima kwa kina waliotiliwa shaka pamoja na sampuli ya wale ambao majibu yao hayakuonyesha tatizo. Walikuta watoto 61 katika kila 1,000 wana ulemavu wa kati au mkali wa mfumo wa neva: kifafa 41, uwezo wa akili 31, kusikia 14, baadhi yao wakiwa na zaidi ya tatizo moja. Ile sampuli ya waliodhaniwa kuwa wazima ndiyo inayopuuzwa na watafiti wenye haraka. Bila hiyo haijulikani dodoso limewaacha wangapi, na idadi yoyote itakayotangazwa ni nusu ya habari.

Tafsiri ya Kidholuo haifanywi na mtu mmoja mezani. Wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, wa tatu hulinganisha, wa nne ambaye hajaona maneno ya awali huirudisha katika lugha ya kwanza, kisha kina mama kumi hivi wa Obunga au Manyatta husomewa na kuulizwa kila swali wameelewa nini. Swali kama "je, mtoto wako yuko nyuma ya wenzake?" linaweza kujibiwa "ndiyo" na mama ambaye mwanawe huchelewa njiani akienda shule. Picha za kutajwa na mtoto hupitiwa moja moja: jiko la makaa, karai, ndoo, mtumbwi na ndizi hubaki; theluji na tanuri la umeme huondolewa. Mitaa ya mji ina Waluhya, Wanubi wa Kibos na wengine, kwa hiyo toleo la Kiswahili nalo liwepo tangu siku ya kwanza.

Ridhaa

Utafiti wowote wa watu Kenya hupitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), kisha leseni ya NACOSTI yenyewe, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013. Chuo cha Maseno na hospitali ya rufaa vina kamati zao. Baada ya hapo huja idara za afya na elimu, na chifu pamoja na wazee wa mtaa. Karatasi hizi ni za lazima, na zote zikishapatikana bado ridhaa haijapatikana.

Historia ina onyo moja ambalo kila mfanyakazi wa kituo anapaswa kulijua. Katika Shule ya Willowbrook, Staten Island, New York, kuanzia miaka ya 1950, watafiti waliwaambukiza kwa makusudi watoto wenye ulemavu wa akili virusi vya homa ya ini. Wazazi walikuwa wametia saini. Lakini kuna wakati shule ilijaa, na nafasi zilizobaki zilikuwa katika wodi ya utafiti. Mzazi aliyekataa utafiti alikosa nafasi. Saini ya mtu asiye na njia nyingine haina uzito wa ridhaa.

Kisumu hali kama hiyo yaweza kuzuka bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Wataalamu wa matamshi na lugha ni wachache nchini, na familia ikisikia kwamba yupo mmoja Kibuye itakubali chochote ili imwone. Kwa hiyo kliniki ya kituo iwahudumie kwa usawa waliokubali utafiti na waliokataa, foleni yao iwe moja, na anayeomba ridhaa asiwe ndiye anayetoa tiba. Fidia ya nauli na ya muda uliopotea sokoni ilipwe papo hapo, kwa kiwango kilichopitishwa na kamati, hata kama mtoto amekataa kupimwa.

Mtoto naye ana kauli, hata asiyesema. Anayegeuza uso, anayesukuma vibao, anayelia bila kubembelezeka au anayeelekea mlangoni amejibu. Kipimo husimamishwa, hujaribiwa siku nyingine, na akijibu hivyo tena huachwa. Kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, Kenya ilishaukubali tangu 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinamtambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Maelezo yake yaandikwe kwa sentensi fupi na picha, yasomwe akiwa na mtu anayemwamini, kisha aulizwe aeleze kwa maneno yake atafanywa nini na anaweza kuondoka lini.

Familia iondoke na nini

Kila familia iliyopimwa huondoka na maelezo ya mdomo kwa lugha yake na ukurasa mmoja wa maandishi: mtoto anaweza nini, anahitaji nini, na hatua inayofuata ni ipi. Orodha ya rufaa haitoshi ikiwa imenakiliwa tu kutoka mtandaoni. Mtu wa kituo awe amefika kila mahali palipotajwa na kujua siku za huduma, malipo na jina la ofisi. Mtoto wa kifafa aunganishwe na kliniki yenye dawa, wa shule apelekwe EARC, na mlezi asaidiwe kuanza safari ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambayo huhitaji tathmini ya hospitali. Kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali zinaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa mama aliyeachiwa mtoto peke yake baada ya kuambiwa kwamba amevunja miiko na kuleta chira, ni unga wa mwezi.

Lawama hizo za chira au uchawi zishughulikiwe kwa heshima. Mtafiti anayezicheka nyumbani kwa watu hufunga mlango. Mzazi mwingine, aliyepita njia hiyo hiyo na aliyeajiriwa na kituo kwa mshahara, hueleza chanzo cha mtindio wa ubongo kwa namna ambayo nyanya wa mtoto hukubali kukaa na kusikiliza.

Utajiri mwingine wa Kibuye ni mafundi seremala wanaotengeneza vitanda, makabati na viti kando ya soko. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelala chali siku nzima hulishwa vibaya, hupaliwa, na viungo vyake hukakamaa. Kiti kinachomfaa kinatoka nje kwa bei ambayo hakuna mama wa Manyatta anayeweza kulipa, lakini fundi wa Kibuye anaweza kukitengeneza kwa mbao za saipresi na plaiwudi akipewa vipimo na mtaalamu wa tiba kazi. Hupimwa upana wa nyonga, urefu kutoka makalio hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi unyayo, na kimo cha kwapa. Kigingi kilichofunikwa sponji huwekwa katikati ya mapaja ili miguu isipishane, mikanda ya turubai hushika kiuno na kifua, na meza ndogo hukaa mbele kwa ajili ya sahani na vifaa vya kuchezea. Mashimo kadhaa ya kushushia kibao cha miguu huwezesha kiti kukua na mtoto, naye hupimwa upya kila miezi sita. Palipo na uhaba wa mbao kuna ufundi wa kugandisha karatasi na maboksi makuukuu kwa uji wa unga, ambao umetumika Kenya kwa miaka mingi kutengeneza viti vya watoto hawa. Kazi hii inafaa kuwa mradi wa utafiti kamili: kupima kama mtoto anakula haraka zaidi, anaongeza uzito, na mama anapata saa ngapi za kurudi kwenye biashara.

Watu na fedha

Mkurugenzi hahitaji kuwa bingwa wa neva; anahitaji kuwa mtu anayeaminiwa na hospitali, walimu na wazazi, kisha awe na naibu anayejua hesabu. Chini yao wawepo daktari wa watoto, mtaalamu wa tiba kazi, mtaalamu wa viungo, mwanasaikolojia, mwalimu wa elimu maalumu, msimamizi wa data na wazazi. Wahudumu wa afya ya jamii ndio macho ya kituo mitaani, na mafunzo yao yarudiwe kila mwaka. Wanafunzi wa Maseno na wa vyuo vya tiba wapitie kituoni kwa zamu, kila mmoja akipewa familia moja ya kufuatilia muhula mzima, aende nayo nyumbani na hospitalini. Mafunzo hayo hayapatikani darasani.

Kamati ya ushauri iwe na wazazi na watu wazima wenye ulemavu wa akili wenyewe. Viti vyao visiwe vya pambo. Ajenda ipelekwe mapema ikiwa na picha, kikao kiwe kifupi, msaidizi akae kando ya kila mmoja, na posho iwe sawa na ya profesa.

Upande wa fedha, kosa la kawaida ni kutegemea ruzuku moja ya nje. Mwaka 2025, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa, miradi mingi ya afya ya Nyanza ilitikisika, na wafanyakazi waliokuwa na ujuzi wa miaka walitawanyika. Njia salama ni kugawa mizigo: mishahara ya msingi ya mkurugenzi, tabibu mmoja na msimamizi wa data ibebwe na chuo na kaunti, ruzuku za utafiti zibebe gharama za mradi, na huduma zinazoweza kudaiwa bima ya afya ya jamii zidaiwe. Mfuko mdogo wa akiba uwekwe kwa ajili ya kuendeleza tiba kwa miezi sita baada ya mradi wowote kuisha.

Data na mwendelezo

Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kituo hujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Majina hutengwa na namba, funguo hukaa kwa watu wawili tu, na picha za watoto hazipelekwi mitandaoni hata kwa nia ya kuchangisha. Ripoti nazo zichunguzwe: maelezo kama "mvulana mwenye usonji wa Manyatta ambaye mama yake huuza omena" yanamtaja mtoto waziwazi kwa kila jirani, hata jina lake lisipoandikwa. Sampuli za damu au jeni zinazosafirishwa nje ziwe na mkataba unaoeleza ziko wapi, zitatumika kwa nini, na zitaharibiwa lini.

Matokeo hurudishwa Kibuye kabla ya kupelekwa kwenye makongamano. Baraza la mtaa, kikao cha wazazi na redio za Kidholuo hutosha kwa kazi hiyo, na maswali yatakayoulizwa huko mara nyingi huzaa utafiti unaofuata.

Mtoto aliyeandikishwa akiwa na miaka mitano hufikia miaka 18 kituo kikiwa bado na faili lake. Siku hiyo ridhaa ya mzazi haitoshi tena. Kituo humwita, humweleza kwa njia anayoielewa ni habari gani zake zilizohifadhiwa na zimetumika kwa nini, na humwuliza kama ziendelee kutumika. Akikataa, huondolewa kwenye daftari la utafiti na huduma zake za kliniki huendelea kama kawaida.